Nafasi za utafiti chini ya ardhi ya Johannesburg

Vijana wa Kiafrika waliohitimu shahada ya uzamivu wana nafasi ya kuendelea na utafiti wa vinasaba vya maji, udongo na miamba nchini Afrika Kusini. Mazungumzo ya leo yanaeleza nafasi hizo ni zipi, zina masharti gani, na kwa nini suala la nani anazipata linalihusu bara zima.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni sehemu chache duniani ambako watu wameinama kwa ajili ya mali kama Johannesburg. Tangu dhahabu ilipogunduliwa kwenye safu ya vilima vya Witwatersrand mwaka 1886, mashimo yamechimbwa hapo kwa vizazi vitano. Mgodi wa Mponeng, ulio karibu na mji wa Carletonville, magharibi mwa jiji hilo, umeshuka kiasi cha kilomita nne chini ya ardhi. Huko chini mwamba wenyewe una joto la nyuzi 60 na zaidi, na ni lazima barafu iteremshwe kutoka juu ili wachimbaji waweze kuvuta pumzi na kufanya kazi.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki wenye umri mkubwa watalikumbuka neno Wenela. Ndivyo wazee walivyolitamka jina la shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini kutoka nchi jirani, wakiwemo wanaume wa nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika. Walikwenda kwa mkataba, wakashuka shimoni, na mkataba ulipokwisha wakarudishwa makwao. Safari hizo kutoka Tanganyika zilisitishwa muda mfupi baada ya uhuru wa mwaka 1961.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilianza kushuka katika mashimo hayo hayo kundi jingine, ambalo halikutafuta dhahabu. Walikuwa wanasayansi wenye chupa, mabomba na vichujio. Walichotafuta ni maji yanayovuja kutoka katika nyufa za miamba, maji ambayo hayajaonana na jua kwa mamilioni ya miaka. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Profesa Tullis Onstott wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, aliyefariki dunia mwaka 2021. Kwa upande wa Afrika Kusini, Profesa Esta van Heerden wa Chuo Kikuu cha Free State, mjini Bloemfontein, alikuwa miongoni mwa waliofungua njia ya utafiti huo migodini.

Kitabu kimoja ndani ya gunia

Ili kuelewa walichokipata, ni vizuri kwanza kuelewa namna walivyokitafuta. Kwa zaidi ya karne moja, mtaalamu aliyetaka kumchunguza kijidudu alimwotesha kwanza maabara, ndani ya kisahani chenye chakula. Tatizo ni kwamba vijidudu vilivyo vingi duniani havikubali kuoteshwa. Vimezoea giza, joto, chumvi au njaa ya mahali vilipozaliwa, na vikihamishwa hufa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uhai wa dunia ilibaki bila kujulikana.

Jenomiki ya mazingira imeukwepa ugumu huo. Mtafiti hamwoteshi kiumbe chochote. Huchukua maji, udongo au tope kama lilivyo, akatoa vinasaba vyote vilivyomo kwa pamoja, kisha akazisoma herufi zake kwa mashine. Mfano wake ni gunia lililojazwa kurasa zilizochanwa kutoka katika vitabu elfu moja. Kompyuta ndiyo inayolinganisha vipande, ikatafuta kipi kinaendelea wapi, mpaka vitabu vinaanza kujitenga. Kitabu kizima cha kiumbe kimoja ndicho kinachoitwa jenomu.

Mwezi Oktoba mwaka 2008, jarida la Science lilichapisha matokeo ya kazi ya namna hiyo kutoka Mponeng. Lita zipatazo 5,600 za maji zilichujwa katika kina cha kilomita 2.8. Watafiti walitarajia gunia lenye vitabu vingi. Wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 99.9 ya vinasaba vilivyokuwemo vilitoka kwa kiumbe wa aina moja tu. Bakteria huyo alipewa jina la Desulforudis audaxviator. Sehemu ya pili ya jina hilo ni maneno ya Kilatini yenye maana ya msafiri jasiri, yaliyochukuliwa kutoka riwaya ya Mfaransa Jules Verne kuhusu safari ya kwenda katikati ya dunia.

Jenomu yake ilikuwa na herufi zipatazo milioni 2.35 na zaidi ya jeni 2,100, na ndani yake ulikuwa umeandikwa uwezo wa kuishi bila kumtegemea kiumbe mwingine yeyote. Bakteria huyo hajui jua wala oksijeni. Nguvu zake zinatokana na mionzi ya madini ya urani yaliyomo mwambani. Mionzi hiyo huyapasua maji na kutoa haidrojeni, nayo haidrojeni, pamoja na chumvi ya salfeti, ndiyo riziki yake. Msingi wa maelezo hayo ulikuwa umewekwa mwaka 2006 na kundi lililoongozwa na Li-Hung Lin, aliyekuwa mwanafunzi wa Onstott.

Mwaka 2011 ulikuja ugunduzi mwingine. Katika mgodi wa Beatrix, jimbo la Free State, Gaetan Borgonie wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na wenzake, waliwapata minyoo wadogo wenye urefu wa nusu milimita wakiishi katika maji ya kina cha kilomita 1.3. Hakuna aliyekuwa akitarajia kumkuta mnyama, japo mdogo namna hiyo, mbali hivyo chini ya ardhi. Jenomu ya mnyoo huyo ilichapishwa mwaka 2019. Ilionyesha kuwa ana nakala nyingi kuliko kawaida za jeni zinazokinga mwili dhidi ya joto.

Msikilizaji atakuwa ameanza kuona mwelekeo fulani. Maji ni ya Mponeng, lakini aliyeongoza uunganishaji wa jenomu ya mwaka 2008 alikuwa Dylan Chivian wa maabara ya Lawrence Berkeley, California. Mnyoo ni wa Free State, lakini jenomu yake ilisomwa na kundi la chuo kikuu kimoja cha mjini Washington. Wanasayansi wa Afrika Kusini walikuwemo, na mchango wao haukuwa mdogo. Hata hivyo, hatua ya mwisho, yaani ile ya kukaa mbele ya kompyuta na kuamua vinasaba vinasema nini, ilifanyika ng'ambo. Waswahili wana usemi wao kwa hali kama hiyo: penye miti hapana wajenzi.

Mwaka 2002

Kama kuna mwaka mmoja unaoonyesha kwa nini Johannesburg inawahitaji wajenzi hao, basi ni mwaka 2002.

Kuanzia tarehe 26 Agosti hadi 4 Septemba mwaka huo, viongozi wa dunia walikusanyika katika mtaa wa kitajiri wa Sandton kwa ajili ya Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Maendeleo Endelevu. Ajenda ilikuwa maji, nishati, afya, kilimo na uhai anuwai. Karibu wakati huo huo, upande wa magharibi wa jiji, katika eneo la Randfontein na Krugersdorp, maji yalianza kububujika kutoka katika mashimo ya migodi iliyoachwa. Yalikuwa na asidi kali, chuma, na mabaki ya urani. Pampu za migodi hiyo zilikuwa zimesimama miaka kadhaa kabla, mashimo yakajaa taratibu, na sasa yalikuwa yakifurika kuelekea kwenye vijito.

Asidi hiyo haitengenezwi na kemia peke yake. Mwamba wa Witwatersrand una madini ya chuma na salfa yaitwayo pairaiti. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, lakini kwa mwendo wa pole. Wanaouharakisha mwendo huo ni bakteria ambao chakula chao ni chuma na salfa. Wapo pia bakteria wa namna nyingine, wanaofanya kinyume chake: huivunja salfeti, hupunguza asidi na kuzifanya metali zizame chini. Kujua ni kundi gani linaishi wapi, linakula nini, na linaweza kusaidiwa vipi dhidi ya lile jingine, ni kazi ya jenomiki ya mazingira. Haiwezi kufanywa na mtu anayekuja kwa wiki mbili, akajaza chupa, akapanda ndege. Yahitaji mtu anayekirudia kijito kile kile wakati wa masika na wakati wa kiangazi, mwaka baada ya mwaka.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo wa 2002, Sydney Brenner alitangazwa kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Brenner alizaliwa mwaka 1927 mjini Germiston, mji wa dhahabu ulio jirani kabisa na Johannesburg, na alisoma katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kazi iliyompatia tuzo ilimhusu mnyoo mdogo wa jamii ile ile ya wale waliogunduliwa baadaye mgodini Beatrix. Kazi hiyo aliifanyia Cambridge, Uingereza, kwani aliihama nchi yake mwaka 1952. Leo Chuo Kikuu cha Witwatersrand kina taasisi ya utafiti wa vinasaba yenye jina lake.

Miaka baada ya kuzama

Neno la Kiswahili la shahada ya juu kabisa, uzamivu, linatokana na kazi ya mpiga mbizi. Mwanafunzi huzama peke yake katika swali moja kwa miaka mitatu, minne au mitano. Akiibuka ana cheti, lakini bado hajawa bwana wa kazi yake. Anahitaji miaka mingine miwili au mitatu ya kujifunza mbinu mpya, kuchapisha majarida, kuandika maombi ya fedha na kuwasimamia walio chini yake. Hiyo ndiyo miaka ya utafiti wa baada ya uzamivu. Katika nchi zilizoendelea kisayansi, sehemu kubwa ya kazi ya maabara hufanywa na watu wa ngazi hiyo. Profesa ndiye mwenye jina mlangoni. Mtafiti wa baada ya uzamivu ndiye anayezima taa usiku.

Katika vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki ngazi hiyo haina mizizi. Anayehitimu uzamivu hupewa mara moja vipindi vingi vya kufundisha na mamia ya mitihani ya kusahihisha, na utafiti husubiri likizo. Ndiyo sababu nafasi za Afrika Kusini zinavuta macho ya wengi.

Nafasi hizo zipo za namna mbalimbali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti ya nchi hiyo, NRF, iliyoanza kazi mwaka 1999, hufadhili watafiti wa ngazi hiyo. Tangu mwaka 2006 upo pia mpango wa kitaifa wa viti vya uprofesa wa utafiti, na maprofesa wanaovikalia huwa na fungu la kuwachukua watafiti chipukizi. Vyuo vikuu vyenyewe, kikiwemo cha Witwatersrand na kile cha Johannesburg kilichoundwa mwaka 2005 kwa kuunganisha vyuo vilivyotangulia, navyo hutenga fedha zao. Mwendo wa saa moja hivi kwa gari kuelekea kaskazini, Chuo Kikuu cha Pretoria kina kituo maalumu cha ikolojia na jenomiki ya vijidudu, kilichojengwa na Profesa Don Cowan.

Mfano wa kazi zilizotoka Pretoria ni uchunguzi wa udongo wa Afrika kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2022. Sampuli zaidi ya 800 zilikusanywa katika nchi tisa, Kenya na Msumbiji zikiwemo, na kila nchi ilikuwa na wanasayansi wake katika kundi. Kwa mkulima jambo hili si la anasa. Vijidudu vya udongo ndivyo vinavyokamata naitrojeni ya hewani, kuozesha majani na kuyapa mazao chakula. Ukame ukizidi, jamii za vijidudu hivyo hubadilika kabla ya mahindi kuonyesha dalili yoyote.

Johannesburg kwenyewe ipo pia kazi ya maji taka. Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza, NICD, yenye makao yake Sandringham jijini humo, hupima maji taka kuvitafuta virusi vya polio, na tangu janga la COVID-19 imekuwa ikivifuatilia humo virusi vya korona pia. Mtu anaweza kukosa nauli ya kwenda hospitali, lakini maji ya choo chake hufika mtoni au kwenye mtambo, na vinasaba vilivyomo husomeka. Mwezi Novemba mwaka 2021 wanasayansi wa kusini mwa Afrika waliitambua aina ya virusi iliyopewa jina la Omicron, wakaitangazia dunia siku chache tu baada ya kuiona. Malipo yao yalikuwa kufungiwa safari za ndege na nchi nyingi. Pamoja na uchungu huo, tukio lile lilithibitisha kwamba mashine na watu wa kusoma vinasaba kwa haraka wapo barani Afrika.

Zana nazo zimesogea karibu. Tangu mwaka 2014 kuna kifaa cha kusoma vinasaba kinachotosha kiganjani, na kinaweza kuchomekwa kwenye kompyuta ndogo kando ya mto. Kituo cha taifa cha kompyuta zenye nguvu, kilichoko Cape Town, kilizindua mwaka 2016 kompyuta iitwayo Lengau, yaani duma kwa Kitswana, na watafiti wa vyuo vikuu wanaweza kuomba kuitumia kutoka mahali walipo. Kwa hiyo ile sababu ya zamani ya kupeleka kila chupa ng'ambo imepungua nguvu.

Mlango wa kuingilia

Anayetaka nafasi ya namna hii hasubiri mtihani wa kuingia. Kwa kawaida huanza kwa kumtafuta profesa ambaye kazi yake inalingana na yake, akamwandikia barua fupi inayoonyesha kwamba ameyasoma machapisho ya maabara hiyo. Barua iliyotumwa kwa maprofesa 50 kwa maneno yale yale hutambulika mara moja. Profesa akikubali, hao wawili huandika pamoja pendekezo la utafiti na kuliombea fedha.

Yapo masharti yanayojirudia karibu kila mahali. Mara nyingi shahada ya uzamivu iwe imepatikana ndani ya miaka mitano iliyopita. Vyeti vya nje ya Afrika Kusini huenda vikahitaji kuthibitishwa na mamlaka ya nchi hiyo inayoshughulikia sifa za elimu, SAQA. Mgeni lazima apate viza inayomruhusu kufanya utafiti, na viza huweza kuchukua muda mrefu kuliko ombi lenyewe. Katika jenomiki ya mazingira kuna sharti jingine lisiloandikwa: mwombaji ajue kuandika programu za kompyuta, japo za kiasi. Wahitimu wengi wa biolojia wa Afrika Mashariki wana mikono mizuri ya maabara lakini hukwama hapo. Mafunzo ya bila malipo yanayopatikana kwa intaneti yanaweza kuziba pengo hilo kabla ya barua ya kwanza kuandikwa.

Si mwanafunzi, si mwajiriwa

Lakini picha hii ina upande wake wa pili, na anayejiandaa kusafiri anastahili kuelezwa.

Kwa mujibu wa utaratibu uliozoeleka Afrika Kusini, mtafiti wa baada ya uzamivu si mwanafunzi na pia si mwajiriwa. Anachopokea huhesabiwa kuwa posho ya ufadhili. Posho hiyo haikatwi kodi ya mapato, na hilo ni jema. Lakini sababu ya kutokatwa kodi ni hiyo hiyo inayomnyima pensheni, bima ya afya ya mwajiri na likizo ya uzazi inayolindwa kama ya mfanyakazi. Mkataba mara nyingi huwa wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Mtu mwenye umri wa miaka 35, mwenye mke au mume na watoto wawili, hujikuta akipanga maisha kwa miezi kumi na miwili. Wapo waliozunguka kutoka mkataba mmoja hadi mwingine, chuo hadi chuo, huku nafasi za kudumu zikibaki chache.

Sehemu kubwa ya watafiti hao ni wageni, wengi wao kutoka nchi nyingine za Afrika. Majarida wanayochapisha hukiongezea chuo sifa na ruzuku ya serikali. Wao wenyewe wanaishi katika jiji ambalo mwezi Mei mwaka 2008 lilishuhudia mashambulizi dhidi ya wageni, yaliyoanzia mtaa wa Alexandra, kilomita chache kutoka Sandton, na kuua zaidi ya watu 60 nchini kote. Chuki ya namna hiyo imezuka tena na tena tangu wakati huo. Mwenye shahada ya uzamivu hana alama usoni inayomtofautisha na mhamiaji mwingine anaposubiri daladala.

Haitakuwa haki kumlinganisha mtafiti wa leo na kibarua wa Wenela. Huyu amechagua mwenyewe, ana elimu, na anaweza kuondoka apendapo. Bali mkataba mfupi usio na kesho una tabia moja katika zama zote: humpa mwajiri nguvu za mtu bila kubeba mzigo wa maisha yake. Wapo wanaotetea mfumo huo kwa hoja nzito pia. Wanasema fedha ni kidogo, na kwamba kila mtafiti akipewa ajira kamili, idadi ya nafasi itapungua na wengine hawatapata hata hiyo miaka miwili. Mvutano huo bado haujamalizika.

Sampuli ni ya nani?

Kwa nini, basi, jambo linaloonekana kama la wasomi wachache lizungumzwe na kila mtu? Jibu moja linapatikana katika Bonde la Ufa nchini Kenya.

Katika miaka ya mwanzo ya 1990 wanasayansi kutoka nje walichukua vijidudu katika maziwa ya magadi ya Kenya, likiwemo Ziwa Bogoria. Kutokana na vijidudu hivyo vilipatikana vimeng'enya vilivyoingia katika biashara ya nguo na sabuni, vikiwemo vya kufifisha rangi ya suruali za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilijitokeza hadharani kudai fungu la faida. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini mkataba wa ushirikiano na kampuni ya Novozymes ya Denmark. Katika mjadala wote huo lilidhihirika jambo moja: mwenye ziwa alikuja kujua thamani ya kilichokuwemo baada ya mwingine kukwisha kukisoma.

Sheria zimejaribu kuziba mwanya huo. Afrika Kusini ilitunga sheria ya uhai anuwai mwaka 2004, inayodai kibali na mgao wa faida kwa anayetafuta mali ya kibiashara katika viumbe vya nchi hiyo. Itifaki ya Nagoya ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014. Teknolojia ikazipita sheria mbio. Siku hizi hakuna haja ya kusafirisha udongo; ukishasomwa, herufi za vinasaba vyake hupita kwenye intaneti na kufika popote kwa dakika moja. Mwezi Februari mwaka 2025, baada ya mazungumzo marefu, ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambamo kampuni zinazonufaika na taarifa za namna hiyo zinaombwa kuchangia.

Fedha za mfuko zinaweza kusaidia. Hata hivyo, nchi inayopokea fidia bila kuwa na wasomaji wake itaendelea kuambiwa na wengine ina nini. Mradi wa Jenomu za Viumbe wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 2021, ulitangaza nia ya kusoma jenomu za zaidi ya spishi 100,000 za bara hili, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 100 kila mwaka kwa miaka 10. Mashine za kazi hiyo zinanunulika. Wasomaji hawanunuliki, hulelewa, mmoja mmoja, katika nafasi hizi hizi za miaka miwili au mitatu.

Kwa hiyo kijana wa Kisumu, Morogoro, Bukavu au Mbarara aliyepata barua ya kumwita Johannesburg ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kutia saini. Je, bima ya afya italipwa na nani? Je, jina lake litatangulia katika makala atakazoziandika yeye? Je, anaweza kuleta sampuli za nchi yake na kurudi na takwimu zake? Na je, chuo kilichomtoa kimemwahidi maabara na muda wa utafiti atakaporudi, au kinamsubiri kwa mitihani ya kusahihisha tu? Swali hilo la mwisho si la Afrika Kusini kulijibu. Linawahusu wakuu wa vyuo na wizara za Nairobi, Dodoma, Kampala na Kinshasa.

Bakteria wa Mponeng hana haraka. Mwaka 2021 watafiti waliulinganisha ukoo wake kutoka Afrika Kusini, Siberia na California, wakaona haukubadilika ila kidogo sana, pengine tangu zama ambazo mabara yalikuwa yakiachana. Binadamu hawana muda wa namna hiyo. Sydney Brenner alikuwa na miaka 25 alipofunga mizigo na kuondoka, kwa sababu alichotaka kukisoma hakikuweza wakati ule kusomewa nyumbani. Leo kinaweza. Kinachobaki ni kuona kama mwenye kipaji cha kizazi hiki, awe wa Germiston au wa Kigoma, atapata kiti cha kukalia kwa muda unaotosha kukimaliza kitabu.